Asiyetaka Anyooshe Mkono

"Asiyetaka sindano, anyooshe mkono!"

Hakuna mkono ulionyooka. Lugembe alihisi jasho likimteremka shingoni. Kama kulikuwa na mtu asiyeitaka sindano ile, ni yeye.

Mwalimu Fakhrudin wa chuo cha famasia aliwageukia wanafunzi wake, waliosimama kati ya vitanda wamevaa makoti yao meupe.

"Jana niliuliza nani anataka, wakajitokeza wawili tu. Leo nimegeuza swali. Huo ndio uchumi wa tabia. Mtu haogopi kukataa, anaogopa kuwa wa kwanza kukataa. Harusini si mnajua? Mwali akiulizwa na kadhi, akinyamaza, amekubali."

Wanafunzi wakacheka.

Kikohozi kibaya kilikuwa kimeingia wodini, na wakubwa huko maofisini kwao wakaamua wagonjwa wote wachomwe penisilini. Wakubwa ndivyo walivyo. Njia ya Ujiji ilipita hapohapo nje ya dirisha. Watumwa waliopitishwa zamani wakiwa na minyororo shingoni, nao nani aliwauliza?

Na penisilini ilikaribia kumuua Lugembe kule Igunga. Sindano moja tu, koo likavimba, pumzi ikakatika. Tangu siku ile mkewe Leonia hakumwacha aende hospitali peke yake. "Huyu mume wangu, penisilini hapana!" aliwaambia wauguzi hata kabla ya salamu. Sasa Leonia yuko kaburini. Alifia mapokezini akimngoja daktari aliyekwenda semina. Shemeji yake Deus, aliyemleta asubuhi, habari ya penisilini hakuijua, tena alikuwa ametoka kwenda mtaa wa Mtendeni kutafuta uji.

Nzi akatua mdomoni mwa Lugembe. Hakumfukuza.

Muuguzi alianzia kitanda cha mlangoni. Akaja cha pili.

"Baba, mbona unanikodolea macho?" mwalimu akamtania. "Kama hutaki, nyoosha mkono tu. Hatukuli."

"Achana naye," akadakia mzee Omari wa kitanda cha jirani, akisugua paja lililokwisha kuchomwa. "Tangu aletwe hata salamu yangu hajaitikia. Watu wa Igunga hao! Mtu ana ng'ombe wake, akuitikie wewe kapuku?"

Kicheko tena. Pamba ya spiriti, baridi, ikagusa paja la Lugembe.

Mwanafunzi mmoja, Elieth, akainama. "Mwalimu, huyu baba analia."

"Hofu ya sindano hiyo. Mkono kanyoosha?"

"Hapana."

"Basi kakubali."

Mikono yote miwili ya Lugembe ilikuwa palepale juu ya shuka, Deus alipoilaza asubuhi baada ya kumbeba kutoka kwenye bajaji. Tangu kiharusi kimpige, hakuna kiungo kilichomtii tena, hata ulimi, isipokuwa macho.