Riba Imepanda Tena

"Zima hilo dude!" Bi Sumirah alifoka, mikono imezama kwenye beseni la soya.

Darsih, mfanyakazi wake, hakuzima. Kwenye televisheni bwana mmoja wa Benki Kuu, batiki imenyooka kweli kweli, alikuwa akitangaza kwamba riba imepandishwa tena ili rupia isiporomoke na bei zisipande.

"Eti zisipande!" Darsih alisonya. "Soya imepanda, kuni zimepanda, kilichoshuka ni unene wa tempe yetu tu. Huyu mama yake hakumfunza kitu?"

"Chunga mdomo, Darsih. Funga tempe."

Darsih akaendelea kuzifunga soya kwenye majani ya mgomba, zivundikwe zigandamane ziwe vipande vya tempe, huku akinung'unika.

Mchana Bi Sumirah alikwenda kuchukua mkopo wa jiko la mvuke. Kwa jiko lile wangepika mara mbili ya sasa, na Darsih angeongezwa mshahara. Ofisa wa mikopo akamwonyesha marejesho mapya. Lo! Hela yote hiyo kwa kuchemshia soya?

"Ndiyo mambo ya Jakarta hayo, mama," alisema ofisa. "Huna mtu unayemjua huko juu?"

"Ningekuwa naye, ningekaa kwenye kiti chako hiki kibovu?"

Akaondoka bila kusaini. Jioni, Idi ikiwa imekaribia, alimwambia Darsih asirudi baada ya sikukuu. Jiko la kuni halikutosha kulisha nyumba mbili. Darsih alilia sana. Bi Sumirah naye alilia, kwa hasira, akawalaani wapandisha riba wote. Kisha akashtuka, akaziba mdomo. "Astaghfirullah."

Asubuhi ya Idi wanawe na wajukuu waliijaza nyumba. Kama ilivyo desturi, kila mmoja alipiga magoti mbele yake kuomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima. Kila mmoja alishikwa kichwa. "Nimekusamehe, mwanangu."

Wa mwisho alikuwa kifungua mimba wake, Hendarto, aliyecheleweshwa na foleni ya magari kutoka Jakarta. Akapiga magoti, yule yule bwana wa kwenye televisheni.

"Mama, kama nimekukosea mwaka huu, naomba unisamehe."

Mikono ya Bi Sumirah haikutoka mapajani.

"Anzia kwa Darsih," alisema.