Karatasi za Kioo za Placidius

Kokubanza alitumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya moto kabla Melkiory hajamzuia. Aliutoa ukifuka mvuke, vidole vimeng'ang'ania karatasi ngumu, angavu kama kioo. Rangi iliyopakwa upande mmoja ilikuwa imeanza kuachia. Gauni la njano la mtoto aliyechorwa hapo lilibaki nusu.

"Mama, umechanganyikiwa?" Melkiory alifoka. Alikuwa Mhaya wa Muleba mwenye duka la kupiga picha. "Hiyo mali yangu. Naiosha nifunikie picha za harusi."

"Nipe zote ulizonazo. Chukua mbuzi."

Nje, wifi yake Celestina alikuwa ameshika kamba ya mbuzi huyo. Hawakuwa na mwingine nyumbani.

Karatasi zile zilichorwa na Placidius, mume wa Kokubanza na kaka yake Celestina, fundi wa kuchora kuta za makanisa. Mwaka 1953 watu wa sinema walimwajiri achore filamu ya kufundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Alichora mama na mtoto, picha baada ya picha, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia, ili zikipigwa kamera mfululizo waonekane wanatembea. Mama alikuwa na karatasi zake, na mtoto zake. Karatasi ya mtoto ililazwa juu ya ile ya mama. Kazi ilipokwisha walimwachia fundi karatasi zote. Gari la sinema likaizungusha filamu Karagwe nzima, ikionyeshwa usiku kwenye shuka jeupe.

Mtoto yule alikuwa Kemigisha. Kila aliyewahi kumwona alimtambua: binti pekee wa Placidius na Kokubanza, aliyekufa kwa kuhara kabla filamu haijaanza kuchorwa. Hakuwahi kupigwa picha hata moja.

Kisha Placidius naye akafa, kwa homa ya mapafu. Watu wa msibani waliona karatasi zile zinapendeza, kila mmoja akaondoka na zake. Kokubanza alikuwa amelala hoi chumbani, hajui linaloendelea. Alipoinuka, sanduku lilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alipita Kibingo, akapita Nyakahanga, akizidai kwa watu mlango kwa mlango. Alitoa mikungu ya ndizi, akatoa kahawa iliyokuwa bado mtini, akatoa kanga ya harusi yake. Celestina alimfuata kila alikokwenda, miguu imevimba, akijivunia kwamba kaka yake alipata mke wa namna hii. Walipoingia mahali, wanawake walikatisha mazungumzo. Celestina alidhani wanamheshimu mjane.

Huko Mabira waliikuta moja imepigiliwa misumari kwenye dirisha la jiko, imeingia masizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mwenye nyumba, bibi mmoja aitwaye Adelgunda. "Mnatafuta nini, wanangu?"

"Karatasi hiyo. Ni ya mama au ya mtoto?" aliuliza Kokubanza.

"Ya mama." Adelgunda aliitazama karatasi, akamtazama Kokubanza, akairudia karatasi. Kisha akachukua panga, akaanza kung'oa misumari mwenyewe. "Ichukue bure. Hata ningekuwa mimi nisingetaka ikae kwa watu."

"Mungu akubariki, mama," alisema Celestina. Kokubanza aliipokea, akatangulia kutoka.

Siku waliyotoka kwa Melkiory, mvua iliwakuta njiani, pasipo na nyumba wala kichaka. Kokubanza alivua kanga aliyojifunga, akaufunika mzigo, yeye mwenyewe akatembea na gauni limemgandama mwilini, akitetemeka. Haikusaidia. Walipofika nyumbani na kuufungua, karatasi zilikuwa zimeshikana. Alizibandua polepole kwa ncha za vidole vilivyoungua. Kwenye moja, jicho la Kemigisha lilibaki upande wa pili. Kwenye nyingine mdomo wote ulitoka.

"Anaondoka tena," Kokubanza alilia. "Wifi, anaondoka tena, namwona!"

"Hapana. Tutazikausha." Celestina alimshika mabega. "Tutaweka majani makavu ya mgomba katikati, zisigusane. Kazi ya kaka haitapotea, nakuapia."

Walizitandika chini nyumba nzima, hata pa kukanyaga pakakosekana. Mvua ilipokatika na jua kutoka, Kokubanza alimwomba Celestina amsaidie kuzitenganisha: za mama huku, za mtoto kule. Celestina alifanya hivyo kwa uangalifu, akizifuta kwa upindo wa gauni lake. Alidhani wanazipanga ili zirudi sandukuni.

Kokubanza alibeba za mama zote, akatoka nazo uani, ambako walikuwa wamekoka moto wa kukaushia nguo. Akatupa moja. Iliwaka kwa mlipuko, ikajikunja, ikaisha. Akatupa nyingine.

"Wifi!" Celestina alikuja mbio, akamkamata mkono. "Unafanya nini? Unamchoma kaka yangu!"

Kokubanza alijinasua. Aliendelea mpaka mikono ikawa mitupu. Kisha alirudi ndani, akazikusanya karatasi za mtoto, akaziviringisha katika rubugo, ile nguo ya gome la mti, akainama na kuzifunga mgongoni kama afungavyo mwenye mtoto mchanga.

Celestina alikuwa amekaa chini kando ya moto, analia. "Alikukosea nini? Mtu aliyekuchora wewe, wewe mwenyewe, kila mahali watu wakakuona?"

"Ndiyo, waliniona pale kwenye shuka jeupe, nikimnywesha mwanangu maji ya bondeni yasiyochemshwa," alisema Kokubanza. "Siku alipoyanywa mimi nilikuwa kwetu, namzika baba. Aliyemnywesha ni kaka yako."