Mwonjaji wa Kiporo

Sheria inataka kila jiko liwe na mwonjaji: kipande cha utumbo hai, kilichooteshwa maabara, ndani ya chupa. Kabla ya kula unakidondoshea chakula. Kikitulia, mnakula. Kikijikunja, mnamwaga.

Vyote vimeoteshwa kutoka kwa mtoto mmoja aliyekufa kwa kuharisha, maana watafiti hawajapata utumbo mwingine unaohisi vijidudu upesi kama wake. Mtoto huyo ni mdogo wangu, Kombo. Sasa yumo katika kila jiko mjini.

Asubuhi Mama alipasha kiporo cha wali wa nazi. Nikamsogezea chupa.

"Mpe kwanza, Mama. Kimelala nje ya friji hicho."

"Muache."

"Mama, jana jirani kanusurika. Chupa ilijikunja, wakamwaga pilau yote."

"Niliwasikia wakishangilia. Mwanangu alilia tumbo mpaka sauti ikamkauka, na bado mji mzima unamuumiza kila mlo. Mimi nimuongezee?"

Akaifunika chupa kwa upindo wa kanga, akachota wali, akala yeye. Mimi akanikataza kugusa.

Kufika adhuhuri alikuwa amejikunja mkekani, jasho linamtiririka. Nikafunua chupa. Kombo alikuwa ametulia.