Boksi la Mashine ya Pumu

Maneno ya watu yalimganda Bi Mwajabu tangu asubuhi: eti posta hawalipi kilichovunjika njiani, hata kiwe na bima. Alifika dirisha la posta na mashine ya pumu ya mwanawe, iliyotumwa kwa bima ikafika imepasuka, akitaka alipwe anunue nyingine.

"Boksi lake liko wapi, mama?" karani aliuliza. "Bila boksi hatupokei madai. Na leo ndiyo mwisho, saa kumi tunafunga."

Alirudi nyumbani mbio. Ndani ya boksi kuku alikuwa anaatamia mayai kumi na moja. Chumbani mtoto alikohoa, kifua kikikoroma.

"Nisamehe, mama mwenzangu," alisema, akaingiza mikono chini ya kuku.

Kitu cha bima kikivunjika njiani posta hulipa, ila usitupe boksi, wala usimpe kuku. Usibandue karatasi ya posta. Usingoje siku ya mwisho.