Mashine ya Pili

Siku ya tatu baada ya kisomo, Mwanamkasi aliamka akaangalia kwanza miguu ya Mastura. Jirani yake huyo alikuwa uani kwake anaanika nguo, na miguu ilikuwa mizima. Haikuvimba, wala mwenyewe hakuchechemea. Hilo lilimtia hasira mpya juu ya ile ya zamani.

Nyingine ilimngoja ndani. Kompyuta yake kuukuu ya mezani, iliyofufuliwa jana tu, ilikuwa imeandika pembeni mwa kioo kwamba Windows yake haina leseni. Alimpigia simu Kefa, fundi mwenye kibanda karibu na feri ya Likoni, na Kefa alipofika hakukaribishwa hata kiti.

"Leseni niliinunua mwenyewe, kwa jasho langu!" Mwanamkasi alifoka. "Wewe umeingia humu ikiwamo, umetoka haimo!"

"Sijachukua kitu, mama. Nilibadilisha bodi ya ndani kwa sababu ile ya zamani iliungua. Leseni ilikuwa imefungwa kwa ile bodi. Sasa mashine inajiona ni mpya. Tukiingia kwa akaunti yako tukaiambia ni ileile, itakubali."

"Basi iambie upesi. Nataka kuvuka ng'ambo nikamtazame mwanangu. Ana mimba ya miezi saba, na tangu juzi homa haimwachi."

Kefa akavuta kiti mwenyewe. Mwanamkasi akabaki mlangoni, macho kwa Mastura na nguo zake.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua za kuombea ajira, fomu, na hati za mashamba. Miaka minne aliifanya kwa laptop, kitu ambacho hata Asmaa, mwanawe wa pekee, hakuruhusiwa kukigusa. Ijumaa iliyopita laptop ilitoweka juu ya meza mchana kweupe. Mastura alikuwa ameingia siku hiyo kuazima mbuzi ya kukunia nazi, na kwa Mwanamkasi huo ulikuwa ushahidi tosha. Mastura aliapa kwamba hakuiona. Mwanamkasi akamwita mwizi mtaa mzima ukisikia, mtu waliyekula naye sahani moja miaka ishirini.

"Uliripoti polisi?" Kefa aliuliza, akingoja mtandao; habari za wizi alikuwa amezisikia jana alipoifufua kompyuta.

"Polisi wa nini? Nimesomesha Halbadiri."

Kefa, mtu wa bara, alimtazama bila kuelewa.

"Huijui? Mashekhe hukaa wakasoma, na aliyeiba haponi. Huvimba, huugua, hata hufa. Awe amejificha wapi, humfuata hukohuko."

"Na kama mmekosea mtu?"

"Haikosei. Tena lililosomwa limesomwa. Wewe fanya kazi iliyokuleta."

Swali lile lilimkera kwa sababu halikuwa geni. Asmaa naye alikuja kutoka Mkomani, kwa mumewe, siku moja kabla ya kisomo, akalia mpaka ushungi ukalowa. "Mama, ni laptop tu. Samehe, usisomeshe." Mwanamkasi alimwambia huruma za mimba azipeleke kwa mumewe. Na kesho yake, mwalimu aliyeongoza kisomo alipomuuliza kwa mara ya tatu kama yuko radhi kusamehe kabla hawajaanza, alijibu kwa sauti iliyofika barazani kwa watu: "Awe nani, awe mtoto wa nani, simsamehe!" Baadhi ya wanawake waliinamisha vichwa. Yeye hakuona la kuinamia. Alikuwa ameibiwa, na alitaka mtu aumie.

"Andika neno lako la siri hapa, mama."

Aliliandika kwa kidole kimoja, akigongagonga vitufe kana kwamba navyo vimemkosea.

"Imefunguka," Kefa alisema. "Hizi ndizo mashine zilizoandikishwa kwenye akaunti yako. Nachagua hii ya mezani, leseni inarudi, tumemaliza." Akahesabu kwa kidole. "Lakini ziko mbili. Ya pili ni laptop. Imewashwa leo, saa mbili asubuhi."

Damu ilimpanda Mwanamkasi kichwani. "Leo? Iko wapi?"

"Mahali haionyeshi. Ila aliye nayo ameibadilisha jina. Ameipa la kwake."

Hakungoja kulisikia. Alitoka mbio, kanga moja ikiburuzika mchangani, akavuka ua akamshika Mastura mkono, nguo mbichi zingali begani.

"Njooni! Njooni nyote mshuhudie! Mwizi kajiandika mwenyewe!"

Majirani walitoka majikoni na vyumbani. Wengine waliacha moto ukiwaka. Mwanamkasi alimkokota Mastura mpaka mlangoni, akamsimamisha mbele ya kompyuta kwa hasira na kwa furaha pia.

"Nilisema mkaniona mwendawazimu! Wallahi leo mtajua. Mashine haina jirani wala haina haya." Akamgeukia fundi. "Soma! Soma jina hilo kwa sauti, walisikie mpaka walioko barabarani!"

Mastura hakujivuta. Alikuwa akilia kimyakimya, kama mtu aliyechoka kujitetea.

Kefa hakumjua mtu yeyote pale ila mwenye nyumba. Aliinamia kioo na kusoma kwa sauti kubwa, kama alivyoamrishwa:

"Laptop ya Asmaa."