Sauti Iliyonasa Kwenye Diski

Dishon alipoiwasha, kompyuta ile ililia tak, tak, tak, kisha ikanyamaza. Akaizima, akaiwasha tena. Tak, tak, tak.

"Diski imekufa, mama," alisema.

Mwanamke aliyeileta hakushtuka. Alikuwa amekaa wima kitini, mikono imelala juu ya buibui lake. Aliitwa Hind, mkazi wa mtaa wa Kibokoni. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya miaka kumi na sita, nzito kama sanduku la nguo, na ilikuwa imefika kibandani kwa Dishon, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, juu ya mkokoteni.

"Mna nini ndani yake?"

"Mna sauti ya mume wangu. Alijirikodi. Sitaki kingine."

Dishon alikuwa na miaka kumi na mmoja tangu atoke bara kuja kufanya kazi hii ya ufundi wa kompyuta Mombasa. Alishaletewa picha za harusi, barua za wafu, hati za mashamba. Zamani alikuwa akihuzunika pamoja na wenyewe. Siku hizi aliuliza tu lililo la lazima.

"Aliondoka lini?"

"Kidogo kidogo," Hind alijibu.

Ugonjwa mrefu, Dishon alijisemea. "Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

Alilitamka bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya nazi.

Mzee aliyeingia naye, mwenye kanzu nyeupe na kofia ya vito iliyotariziwa kwa mkono, alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani. Akakohoa kwa adabu.

"Bwana fundi, mtazame kwa huruma. Bibi huyu ni mjane. Mimi nimemsindikiza tu, lakini naona yuwasikitika."

Hind hakugeuka. Dishon alimwitikia mzee kwa kichwa. Jirani mwema, alifikiri, katika wale watu wa Mji wa Kale wasiokubali mwanamke ahangaike peke yake kwa mafundi.

Akamweleza Hind mambo yalivyo. Kichwa cha kusomea ndani ya diski kimevunjika. Itafutwe diski nyingine ya aina ileile na mwaka uleule, kichwa chake kihamishwe. Huku na huku, elfu arobaini na tano.

"Kwa pesa hizo, mama, utanunua kompyuta nzuri zaidi na chenji ibaki."

"Hiyo nzuri zaidi haitakuwa na sauti yake."

"Na nikiifungua, ni mara moja tu. Ikikataa, hakuna fundi mwingine atakayeweza kuisoma. Hapa wala Nairobi."

"Ifungue," alisema Hind.

Wiki tatu zilipita. Dishon alizunguka mpaka akaipata diski pacha mtaani Majengo, kwa Ndinda, mama mmoja anayebomoa mashine kuukuu na kuuza vipuri. Siku aliyoifanya kazi ile alifunga mlango, akazima feni vumbi lisiruke, akavaa glavu. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alipounganisha nyaya, diski ilizunguka kimya. Kati ya mafaili mia tatu na kitu, moja tu lilikuwa la sauti. Hakulifungua. Alimpigia Hind simu.

Walikuja wote wawili asubuhi iliyofuata. Mzee alimpa Dishon mkono, akamuuliza jina lake na kwao ni wapi. Dishon akamtajia tena, kama alivyomtajia mara ya kwanza. Hind alifungua pindo la leso, akatoa pesa, akaziweka mezani. Mara ya kwanza alikuwa na bangili mbili za dhahabu mkononi. Sasa mkono ulikuwa mtupu.

Dishon akamnyoshea vyombo vya kuvaa masikioni.

"La," alisema Hind. "Weka kwa spika. Iwe juu."

Sauti ikatoka, nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Hind. Ni mimi, Ziad. Nimekwenda kwa daktari leo, sikukwambia. Amesema haitakawia, mambo yataanza kunitoka kidogo kidogo. Basi nayasema sasa, maana itafika siku sitaweza kukwambia mwenyewe. Ule mlango wa chumbani unaolia, ulionisuta nao miaka yote ile kuwa mimi mvivu: sikushindwa kuutia mafuta. Niliuacha ulie makusudi. Nilikuwa nikilala kwanza, na ukilia nikijua umeingia. Basi nikipata usingizi. Hilo tu. Miaka thelathini na minne, Hind, na sijapata kulala vizuri mahali usipokuwepo."

Rikodi ikakatika hapo.

Dishon, aliyedhani hana tena cha kuhisi, alijikuta anapanga bisibisi zake zilizokuwa zimeshapangwa. Alipoinua macho aliona Hind haitazami kompyuta. Alikuwa anamtazama mzee, amekaza macho usoni pake kama mtu anayengoja jibu.

Mzee alijifuta machozi kwa ukosi wa kanzu.

"Wallahi, bibi," alisema, "huyu mtu alikupenda."

"Ndiyo."

"Mungu amrehemu. Unao watoto naye?"

"Watatu."

"Alhamdulillahi. Basi hakukuacha pweke."

Hind akasimama, akamwendea pale kwenye benchi, akamwekea sawa kofia iliyokuwa imekaa upande, akamshika mkono.

"Haya inuka, Ziad," alisema. "Twende nyumbani."