Sufuria ya Marehemu

Jiko jipya la umeme lilipiga kelele, likazima. Mashavu akaiweka tena sufuria ya marehemu mama yake.

"Utalikosesha usingizi jiko la watu!" mumewe Kombo akacheka. "Hili halina moto, linapasha chombo chenyewe, tena cha chuma. Hiyo alumini, sumaku haiishiki. Chukua ile mpya."

"Chai ya hitima ya mama nitaipika humu humu."

Alibandua sumaku ya mlangoni mwa friji, akaijaribu kwenye chombo kimoja baada ya kingine. Ikanasa kwenye chuma cha kupikia chapati. Akakiweka jikoni, akaitua sufuria juu yake, akawasha.

"Itachemka kesho, mwenzangu."

"Basi keti usubiri."

Hodi ya kwanza ilipobishwa, Mashavu alikuwa ameinama, akitazama kipovu kimoja kikijibandua chini ya maji.